Maneno ya Ami Yalikuwa Wapi?

Ami yangu alikuwa karani wa bandarini Mombasa, na watu wa mtaani walimjua kwa mambo mawili: kahawa yake ya jioni na mashairi yake. Alipostaafu, wanawe walimnunulia kompyuta. Siku za mwanzo hakuipenda. Alilalamika kwamba kila anapoandika ubeti, mashine inampigia mistari myekundu chini ya maneno, kama mwalimu mkali anayesahihisha insha. Aliandika matozi, ikapiga mstari. Aliandika mtele, ikapiga mstari. Aliandika ndia, ikapiga mstari. "Hii haijui Kimvita," aliniambia. "Imefunzwa Kiswahili cha shule tu."

Nikamwonesha dawa. Nilibofya neno kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua liongezwe kwenye kamusi, na ule wekundu ukatoweka. Ami alilitazama lile neno kwa muda, kisha akacheka. "Kumbe inafundishika!"

Tangu siku hiyo akawa mwalimu wake. Kwa miaka kumi na moja, kila nilipokwenda kumwamkia, aliniarifu maendeleo ya mwanafunzi: leo nimeifunza maneno manne, juzi nimeifunza moja tu, lakini zito. Mkaza ami alikuwa akitikisa kichwa. "Mwanangu, huyu anazungumza na hiyo mashine kuliko anavyozungumza na mimi. Miaka arubaini namwomba aniandikie shairi langu mwenyewe, ananambia bado ananitafutia vina."

Ami alifariki mwaka juzi, Mola amrehemu. Msiba ulipokwisha, jamaa waliafikiana kwamba kompyuta isafishwe, apewe mjukuu anayeingia sekondari. Kazi ya kuokoa mashairi nilipewa mimi. Nilinakili folda nzima, mashairi themanini na saba, nikahesabu mara mbili, nikaipeleka mashine kwa fundi. Nilimwambia afute kila kitu, nimeshachukua ninachokitaka.

Usiku ule niliketi kuyasoma mashairi kwenye kompyuta yangu. Nilifungua la kwanza, na ukurasa ukatokwa damu. Mato, mstari. Matozi, mstari. Mtuzi, ndia, tungu, mistari mitupu. Nikafungua la pili na la tatu, hali ni ile ile. Shairi ni lile lile, herufi kwa herufi. Programu ni ile ile, LibreOffice, kwangu na kwa ami. Kwake ukurasa ulikuwa safi kama mkeka uliokungutwa, na kwangu maneno yake yote yalihesabiwa kuwa makosa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nimeacha kitu. Yale aliyoifunza mashine hayakuwa ndani ya mashairi. Kama yangekuwamo, yangekuja pamoja nayo. Wala hayakuwa ndani ya programu, maana programu ninayo. Basi yalikuwa mahali pa tatu, na mahali hapo palikuwa katika mashine niliyoagiza ifutwe.

Nilimpigia fundi, simu haikupokewa. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua. Alipofika alinitazama kwa mshangao, nikamwuliza kabla ya salamu kutimia: umeshaifuta?

"Bahati yako, ndugu yangu," alisema. "Jana umeme ulikatika."

Tuliiwasha. Kwanza tulikwenda pale ambapo kila mtu angekwenda, kwenye folda ya Program Files, ambako Windows huweka programu zenyewe. Tulimkuta LibreOffice na jamaa zake wote, pamoja na kamusi zinazokuja na programu, lakini neno la ami hata moja hatukuliona. Fundi alijaribu kutafuta neno "matozi" katika mashine nzima. Likatuletea mashairi, basi. Alikuwa tayari kukata tamaa. "Labda maneno hayo hayahifadhiwi," alisema.

Nililisikia lile neno alilolitumia, nikalishika. Sisi waandishi wa Kiswahili tumebishana sana juu ya istilahi za mashine hizi: iwe kompyuta au tarakilishi, faili au jalada, folda au kabrasha. Lakini kwenye kitenzi cha kuweka kazi isipotee tulipata bahati, tukachukua neno lililokuwapo: kuhifadhi. Ndilo neno la mwanachuoni aliyeihifadhi Kurani na la bibi aliyehifadhi utenzi mzima bila kujua kusoma. Aliyehifadhi husoma kwa ghibu, bila kutazama kitabu, na ghibu hiyo ina undugu na ghaibu, kile kisichoonekana. Lililohifadhiwa lipo, ila halionekani kwa jicho. Nikamwambia fundi: lazima yamehifadhiwa, kwa sababu kila asubuhi mashine ilipowashwa iliyakumbuka.

Tuliifungua programu yenyewe, tukaingia kwenye chaguo zake, tukakuta ukurasa unaoorodhesha njia: nakala za akiba ziko wapi, violezo viko wapi. Kwa lugha ya kompyuta, anwani ya faili huitwa njia, na ami angeiita ndia. Ndia ya nakala za akiba ilianzia kwenye jina la ami, ikapita mahali paitwapo AppData, kisha Roaming, kisha LibreOffice, kisha folda yenye jina la tarakimu 4, kisha user. Tulipoifuata kwa macho kutoka folda hadi folda, AppData haikuwapo. Ndia ilikatikia mlangoni.

Haikuwa imepotea, ilikuwa imefichwa. Windows huificha folda hiyo makusudi, ili mtumiaji asiingize mkono akafuta kitu ambacho programu zinakitegemea. Fundi aliamuru vilivyofichwa vionekane, na AppData ikatokea, rangi yake hafifu kidogo, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Baadaye nilijifunza ndia ya mkato: kuandika %APPDATA% kwenye upau wa anwani na kubonyeza kitufe cha kuingiza, unafikishwa moja kwa moja.

Nilimwuliza fundi kwa nini mambo yawekwe mbali namna hii na programu yenyewe. Akanieleza vizuri. Program Files ni nyumba ya wote, na mlango wake unalindwa. Haifai programu iwe inaandika humo kila saa. Tena mashine moja huweza kutumiwa na watu wengi, na kila mmoja ana mazoea yake. Kwa hiyo programu ni moja, lakini kila mtu ana chumba chake cha siri inamowekwa kumbukumbu yake. Ndani ya AppData mna Local, yaani mkazi, yanamowekwa mambo ya mashine hiyo tu; na Roaming, yaani msafiri, ya mambo yanayoweza kumfuata mtumiaji kutoka mashine hadi mashine katika mtandao wa ofisi uliopangwa hivyo. Maneno ya ami yalikuwa kwa msafiri. Lakini nyumbani kwa ami hapakuwa na mtandao wa namna hiyo, na msafiri asiye na chombo hukaa pale pale hadi nyumba ibomolewe.

Ndani ya folda ya user tulikuta folda iitwayo wordbook, na ndani yake faili moja ndogo: standard.dic. Nilidhani itahitaji programu maalumu. Haikuhitaji. Ni maandishi matupu, yanafunguka kwa Notepad. Juu kabisa ilikuwa na alama OOoUserDict1, jina la ukoo, kwa sababu LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice.org mwaka 2010, na mpaka leo faili zake za kamusi zinabeba jina la mzazi. Chini yake kulikuwa na mistari michache ya utangulizi, kisha maneno, kila neno na mstari wake.

Mia sita na kumi na mawili. Fundi aliacha kazi zake akawa anayasoma kwa sauti. Mato. Matozi. Mtima. Maninga. Mbeja. Mengine aliyajua kwa bibi yake, mengine akaniuliza. Yalikuwamo pia majina ya watu, kwa kuwa mashine huyapigia mstari hata majina: rafiki za ami waliotangulia, wajukuu, majirani wa Mji wa Kale. Yalikuwamo na makosa mawili matatu ya kidole, ambayo ami aliyaidhinisha bila kuona, na mashine ikayapokea kwa adabu ile ile. Nilinakili faili, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka mahali kama pale katika kompyuta yangu. Nilipofungua mashairi, ukurasa ulikuwa mweupe.

Nilianza kulitafuta kila neno ndani ya mashairi, nipate kuandika maana zake kwa kufuata muktadha. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu. Karibu yote niliyapata. Machache hayakuwamo katika shairi lolote. Nikadhani ni ya barua au ya mashairi aliyoyatupa. Mojawapo lilikuwa jina la mtu, fupi, la kike, nisilolijua. Si la binti yake, si la mjukuu, si la jirani.

Nilimpelekea mkaza ami orodha nzima, imechapwa kwa herufi kubwa, na nilipofika kwenye jina lile nikamwuliza. Alinyamaza. Kisha akaniambia kuwa ndilo jina alilokuwa akiitwa na babake alipokuwa mtoto, na kwamba babake alikufa kabla hajaolewa. Ami alilijua kwa sababu alimwambia mara moja, miaka mingi iliyopita. Silitaji hapa, maana si langu.

Nilirudi nikatafuta tena. Nilifungua folda ya nakala za akiba, nikapekua kila faili niliyoinakili, hata barua za bandarini. Jina halimo. Kilichobaki ni ushahidi kwamba siku moja ami aliliandika, mashine ikalikataa, naye akaiambia ilipokee. Huenda ilikuwa barua tu. Nilimweleza hivyo mkaza ami, nisimpe tumaini lisilo na msingi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi aliandika," alisema, akaikunja ile karatasi.

Nawaandikia haya washairi wenzangu kwa sababu najua wengi wenu mna kamusi kama hii bila kujua. Tunanakili mashairi, tunasahau kilichofunzwa kwa mashairi hayo. Mkitumia LibreOffice kwenye Windows, ndia ni hiyo niliyoieleza. Kwenye Mac ingieni folda ya Library ya mtumiaji, nayo imefichwa, kisha Application Support, LibreOffice, 4, user, wordbook. Kwenye Linux, anzeni na .config katika folda yenu ya nyumbani, kisha libreoffice, 4, user, wordbook. Nukta ile mwanzoni mwa jina ndiyo pazia lake. Wenye Microsoft Word kwenye Windows, tazameni ndani ya Roaming, kisha Microsoft, kisha UProof. Faili inaitwa CUSTOM.DIC. Inakilini leo, muiweke pamoja na mashairi yenu, na mumwambie mmoja nyumbani kwamba ipo.

Yale makosa matatu ya kidole sijayafuta. Mjukuu aliipata kompyuta yake, imesafishwa, na juzi alinipigia simu kulalamika kwamba inampigia mistari myekundu. Nimemtumia faili ya babu yake.