MIWANI YANGU NA MBIO ZA MELBOURNE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wengi wameniuliza kwa nini mwezi wa Machi nilipewa ruhusa ya kwenda Dar es Salaam kutafuta miwani, nami nikarudi shuleni bila miwani. Wengine niliwaambia kwamba haikuwa tayari, na wengine niliwaambia kwamba niliisahau nyumbani. Majibu yote mawili hayakuwa ya kweli. Kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu, nataka kueleza mambo yalivyokuwa, ili atakaye kucheka acheke, na atakaye kujifunza ajifunze.

Kwetu ni Mchikichini, mtaa uliopakana na Kariakoo. Mama yangu anauza nguo za mitumba katika Soko la Karume. Wasomaji wengi watakumbuka kwamba soko hilo liliungua moto mwezi wa Januari 2022. Meza ya mama iliteketea, pamoja na nguo ambazo alikuwa hajamaliza kuzilipia. Alianza tena kwa kutandika turubai chini na kuuza fulana moja moja. Nayaeleza haya ili msomaji ajue shilingi nitakazozitaja zilitoka wapi.

Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, nilipimwa macho. Niliambiwa kwamba naona karibu lakini sioni mbali, na kwamba miwani itakuwa tayari Jumatatu kwa bei ya shilingi 70,000. Jioni, baada ya futari, maana ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mama alinipa shilingi 50,000. Akasema, "Zishike wewe mwenyewe, mwanangu. Zikikaa kwangu zitaingia kwenye biashara. Hizo ishirini zilizobaki nitazipata kabla ya Jumatatu." Nilijua maana ya maneno hayo. Maana yake ni kwamba atakwenda kukopa.

Asubuhi ya pili yake kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinichukua kwenda kwa kinyozi. Hapo ndipo kijiwe cha vijana wa mtaa wetu wapendao mbio za magari za Formula One. Wanakuja wauza spea kutoka Gerezani, makanika, madereva wa bodaboda, na mzee mmoja ambaye sisi sote humwita Babu Fundi, maana ametengeneza magari tangu ujana wake. Siku hiyo hapakuwa na kahawa wala kashata kwa sababu ya mfungo, lakini maneno yalikuwa mengi kuliko siku zote, kwa kuwa msimu mpya ulikuwa unafunguliwa katika mji wa Melbourne, Australia. Huko ilikuwa alasiri, na kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Mbio zenyewe hukimbiwa Jumapili. Jumamosi madereva hushindania nafasi ya kuanzia tu. Mwaka huo magari yalikuwa 20. Katika sehemu ya kwanza walitolewa watano walio nyuma, katika sehemu ya pili walitolewa watano wengine, na kumi waliobaki waligombea nafasi za mbele. Dereva mwenye mzunguko wa haraka kuliko wote huanza wa kwanza. Nilikaa karibu mno na televisheni ili nione, hata wenzangu wakanilalamikia kwamba nawaziba. Lakini walinivumilia, kwa sababu mtangazaji alisema Kiingereza na mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria Babu Fundi.

Mambo yalikwisha hivi. Lando Norris, Mwingereza, alipata nafasi ya kwanza kwa muda wa dakika 1 na sekunde 15.096. Mwenzake wa timu ya McLaren, Oscar Piastri, alikuwa wa pili, nyuma kwa sehemu 84 tu za elfu moja ya sekunde. Max Verstappen, bingwa wa miaka minne mfululizo, alikuwa wa tatu. Lewis Hamilton, ambaye kijiwe chetu kizima kinampenda, na ambaye ndiyo kwanza ameingia timu ya Ferrari, alikuwa wa nane. Kinyozi alisikitika sana hata akasahau mteja aliyekuwa kitini amenyolewa upande mmoja.

Kulikuwa pia na kijana wa Kiitalia, Kimi Antonelli, mwenye umri wa miaka 18, ambaye zilikuwa mbio zake za kwanza. Alitolewa mapema, akapangwa wa 16. Niliposoma kwenye simu ya kaka kwamba yeye naye bado ni mwanafunzi wa sekondari, na ana mitihani ya kumaliza shule mwaka huo huo, nilimhurumia. Muuza spea mmoja alicheka akasema, "Mtoto arudi darasani."

Basi ukaanza ubishi. Wengine walisema Norris atashinda, kwa kuwa yuko mbele na gari lake ni bora. Kaka yangu alishikilia Piastri. Hoja yake ilikuwa kwamba Piastri ni mwenyeji wa Melbourne. "Mcheza kwao hutunzwa," alisema. "Umati wote ni wake. Na hizo sehemu 84 za elfu ni nini? Hata kope haijapepesa."

Babu Fundi alikuwa kimya muda wote huo. Ndipo akasema, "Wanangu, kutangulia si kufika. Na mcheza kwao si kila siku hutunzwa." Akatueleza habari za mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Alisema kwamba miaka mingi wageni kutoka Ulaya walikuja na motokaa nzuri na mafundi wengi, lakini wenyeji waliwashinda, maana waliyajua matope yao. Mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa motokaa ya Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ilikuwa kubwa hata motokaa 7 tu ndizo zilizofika mwisho.

"Lakini mwaka 1972," akaendelea, "Safari ilianzia hapa hapa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na miaka 13. Tulikwenda kuziona zikiondoka, na kila mtu alisema mgeni haiwezi Safari. Basi mwaka huo akashinda Hannu Mikkola, mtu wa Finland, kwa Ford Escort. Yeye ndiye mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Wenyeji tulibaki tunatazamana. Barabara haimjui mwenyeji wala mgeni. Inamjua anayefika."

Lau ningalikuwa na akili ningaliyashika maneno hayo. Lakini saa ile ile vijana walianza kuwekeana dau, shilingi 20,000 kila mtu, fedha zishikwe na kinyozi. Muuza spea aliyemshikilia Norris alitafuta mtu wa kumshikilia Piastri. Kaka yangu hakuwa na kitu. Akanitazama mimi.

Naapa kwamba sikutaka fedha ya anasa. Nilipiga hesabu kama tunavyofundishwa: nina 50,000, nikishinda nitakuwa na 70,000, na mama hatakwenda kukopa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa nilisahau kuandika upande wa pili wake. Tena nilikuwa na miaka 17, na sheria yetu hairuhusu mtu wa umri huo kucheza kamari. Na mwezi wenyewe ulikuwa mwezi mtukufu. Yote hayo niliyajua. Nilitoa noti mbili za elfu kumi kumi, nikampa kinyozi, wakati Babu Fundi amekwenda gereji yake.

Jumapili tulikusanyika saa moja asubuhi. Huko Melbourne mvua ilikuwa inanyesha. Kabla hata mbio hazijaanza, magari yalipokuwa yanazunguka polepole kwenda kujipanga, kijana Isack Hadjar, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, aliteleza akagonga ukuta. Zilikuwa mbio zake za kwanza na hakuanza. Alitembea kurudi huku amefunika uso, kofia ya chuma ikiwa bado kichwani, na ilikuwa dhahiri kwamba analia. Baadhi yetu walicheka. Ndipo tukamwona mzee mmoja akimwendea, akamkumbatia na kumsemesha. Alikuwa Anthony Hamilton, baba yake Lewis. Hakuwa wa timu moja na kijana yule, wala hakuwa jamaa yake. Kijiwe kikanyamaza.

Mbio zilipoanza, mambo yalininyookea. Magari mengi yalianguka, lakini yale mawili ya rangi ya chungwa ya McLaren yalikuwa mbele, Norris wa kwanza na Piastri nyuma yake, karibu sana. Nilikuwa tayari nimekwisha kuziona shilingi 40,000 mkononi mwangu. Siku hiyo watu walikuwa wengi, nami nilikuwa nimesimama nyuma, mlangoni.

Ilipobaki mizunguko michache, mvua ilirudi kwa nguvu. Mara watu wote wakapiga kelele. Magari yote mawili ya chungwa yalitoka nje ya barabara kwa pamoja. Moja likarudi barabarani. La pili likateleza tena likakwama kwenye majani, magurudumu yanazunguka bure. Mimi niliona rangi tu. Namba sikuiona. Nikauliza, "Ni yupi? Jamani, ni yupi huyo?" Hakuna aliyenijibu, kwa sababu wao waliona na walidhani nami naona. Nilisukuma watu mpaka mbele, nikaweka uso wangu karibu na kioo, ndipo nikasoma: 81. Ilikuwa namba ya Piastri.

Alijitoa kwa kurudi kinyumenyume, na kwa haki lazima niseme kwamba hakukata tamaa. Katika mzunguko wa mwisho alimpita hata Hamilton, akamaliza wa 9. Norris alishinda, Verstappen akimfuata chini ya sekunde moja. Magari 6 hayakufika. Na yule mtoto aliyeambiwa arudi darasani, Antonelli, aliyeanza wa 16, alimaliza wa 4.

Muuza spea alipokea fedha zake. Mimi nilitoka nikaenda kukaa juu ya tairi nyuma ya gereji ya Babu Fundi. Sijui nilikaa muda gani. Babu alikuja akakaa karibu nami bila kusema neno. Kumbe alikwisha kusikia. Nilimwomba aseme na yule kijana anirudishie, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi.

Akaweka mkono begani kwangu, akasema, "Nitawasema hao, mwanangu, maana ni watu wazima na wamekosa. Lakini sitamwambia akurudishie. Ukirudishiwa leo, utacheza kesho. Nenda ukamweleze mama yako sasa hivi, kabla hajaelezwa na mtu mwingine. Ukitaka nitakwenda nawe." Tulikwenda wote wawili mpaka sokoni. Yeye alisimama mbali kidogo, akajifanya anachagua suruali.

Mama alinisikiliza huku anakunja nguo. Nilitazamia kelele, lakini haikuwako. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Nilikwisha kuzipata zile ishirini. Nimezikopa jana usiku." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Akaendelea, "Basi nitazirudisha kwa mwenyewe. Hizo thelathini ulizobakiwa nazo nipe. Miwani utaivaa siku utakapoifanyia kazi."

Kwa hiyo nilirudi shuleni mikono mitupu. Mwalimu wetu wa Hisabati aliponiuliza kwa nini nahamia dawati la mbele kila kipindi, nilisema naona vizuri zaidi hapo. Hata hapo baadhi ya tarakimu sikuziona, nikawa nanakili kutoka daftari la jirani yangu, tena pamoja na makosa yake. Wakati wa likizo nilibeba nguo alfajiri, nikazipiga pasi, nikazitundika, na nikaita wateja mpaka sauti ikanikauka. Fulana moja ilituletea faida ya shilingi 500, na nyingine hazikuleta kitu. Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ya 20,000 vizuri kuliko darasani. Miwani niliyovaa leo nimeilipia hivyo, na deni la Machi nimemlipa mama pia.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, matokeo ya majaribio yamebandikwa ubaoni, na kila mmoja wetu ameona nafasi yake. Walio wa kwanza wanatembea kwa madaha, na walio wa 16 wameinamisha vichwa. Mimi nawaomba mkumbuke kwamba hiyo ni Jumamosi tu. Mtihani wa taifa ni Jumapili yetu, na mvua inaweza kunyesha. Na tukimwona mwenzetu amegonga ukuta kabla ya kuanza, tusimcheke. Tumwendee, kama mzee yule wa Melbourne, na kama Babu Fundi wa Mchikichini.