Shaba na kamba

Mjomba wangu anayeishi Brussels alinipigia simu usiku, sauti imemshuka. Katika akwariamu yake ya maji ya chumvi alikuwa na kamba wawili wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, wale wanaowasafisha samaki kwa kula vijidudu vya ngozini. Samaki mmoja akashikwa na ugonjwa wa madoa meupe. Mjomba akatia dawa ya shaba. Samaki akapona. Kamba wote wawili wakafa, na konokono pia. Kwa viumbe wasio na uti wa mgongo shaba ni sumu, hata ikiwa kidogo sana majini.

Nilinyamaza. Sisi ni watoto wa Lubumbashi: shaba ilimlisha mjomba utotoni, na ndiyo inayonilipia masomo.

Asubuhi nilimsimulia nkambo, akacheka, maana kwake kamba ni ya kufungia mbuzi. Ikabidi nimchoree. Akaitazama picha kwa muda, akauliza: “Na vile vilivyomo ndani ya Kafubu, je?”

Nilimpigia mjomba tena, kumuuliza alitia dawa kiasi gani. Matone machache tu, akasema.