Mazoezi na Mazoea: Tunu ya Alfajiri Mtaani Mountain View

Katika lugha ya Kiswahili, maneno mazoezi na mazoea yamechipuka kutoka mzizi mmoja. Kitenzi zoea huzaa zoeza, na katika ukoo huohuo hupatikana zoezi na mazoezi. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, basi, mtu afanyaye mazoezi ni mtu anayeuzoeza mwili wake jambo ambalo haukulijua, au ulilijua zamani ukalisahau. Aghalabu ukweli huu hupuuzwa. Wengi huyachukulia mazoezi kuwa ni jasho, kuhema na maumivu ya misuli. Wasipokiona kitambi kikipungua baada ya wiki mbili, huvisukumia viatu vya raba chini ya kitanda na kutangaza kwamba mambo hayo ni ya vijana na wanariadha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba faida kubwa ya mazoezi kwa mtu binafsi haimo katika jasho bali katika mazoea, na kwamba mazoea hayo humpa mtu vitu ambavyo hakuvitafuta alipoanza. Mfano unaochunguzwa ni wa karani mmoja, mkazi wa mtaa wa Mountain View, magharibi mwa jiji la Nairobi.

Mtaa huo uko kando ya barabara ya Waiyaki Way, jirani na Kangemi, yapata kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Karani huyo alikuwa ameishi hapo kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote maisha yake yalikuwa ya kuketi. Asubuhi aliketi ndani ya matatu hadi mjini. Mchana kutwa aliketi mbele ya kompyuta na mafaili. Jioni aliketi tena katika msongamano wa magari, na alipofika nyumbani aliketi mbele ya runinga hadi usingizi ulipomchukua papo hapo kitini. Hatua alizotembea kwa siku zilikuwa zile za kutoka mlangoni hadi kituoni, na kutoka kituoni hadi ofisini, basi. Taifa lake lilisifika duniani kwa wanariadha wake, naye alijivunia sifa hiyo kama Wakenya wengine, lakini aliwashangilia akiwa amejinyosha kwenye kochi.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 51, alipimwa shinikizo la damu likapatikana kuwa 160 kwa 100. Daktari alimwandikia tembe na kumshauri atembee kwa miguu angalau nusu saa kila siku. Tembe alizimeza. Kutembea alikuahirisha. Alijua vyema hatari iliyomkabili, kwa maana baba yake mzazi aliangushwa na kiharusi shambani akiwa na miaka 54, akaishi miaka minne mingine bila kuweza kusema wala kujilisha. Hata hivyo, kujua hatari ni jambo moja na kuondoka kitini ni jambo jingine. Hofu ilimjia usiku, na asubuhi ilipofika matatu ilikuwa ikimsubiri kituoni kama kawaida.

Kilichomwondoa kitini ni ngazi. Siku moja lifti ya ofisini iliharibika, ikambidi apande hadi ghorofa ya nne pamoja na kijana mmoja aliyekuwa ameajiriwa karibuni. Kwa adabu, kijana yule alisimama kila walipofika kwenye kituo cha ngazi, akijifanya anatazama simu yake, ili mzee apate kupumua. Karani aliitambua heshima ile, nayo ikamchoma kuliko dharau. Usiku ule alivitoa viatu vya raba uvunguni akaviweka mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo methali hiyo ilitimia neno kwa neno.

Asubuhi ya kwanza alitembea dakika 18. Nairobi imejengwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa magharibi umejaa miinuko na mabonde. Mtu aliyezoea kuketi hukumbushwa mambo hayo na kifua chake. Aliporudi nyumbani magoti yalimtetemeka, na mkewe akamuuliza kama amefukuzwa na mbwa. Wiki ya pili mvua ilinyesha akalala siku tatu. Wiki ya tatu alianza upya. Alikuja kutambua kwamba vita havikuwa barabarani bali kitandani, katika zile dakika tano za kujadiliana na blanketi. Kwa sababu hiyo akajiwekea kanuni moja tu: hakujilazimisha kutembea umbali fulani, bali alijilazimisha kuvaa viatu na kufika kwenye lango. Akishafika langoni, angeweza kurudi akitaka. Siku alizorudi zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kufikia mwezi wa nne, majadiliano yale yalikuwa yamekoma. Miguu ilishuka chini yenyewe saa kumi na mbili kasorobo. Katika jambo hili jiografia ilimsaidia: Nairobi iko karibu na ikweta, na jua lake huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, tofauti kati ya msimu na msimu ikiwa ya kama nusu saa tu. Mkazi wa nchi za kaskazini hulazimika kuyapanga upya mazoezi yake kila giza la kipupwe linapoingia. Mkazi wa Nairobi hana udhuru huo. Anao ule wa baridi ya Julai, ambapo ukungu hulala juu ya mitaa ya magharibi hadi asubuhi ikolee, lakini huo hutibiwa kwa sweta.

Je, mazoezi hayo yalimfaa nini mwilini? Hili ni swali ambalo sayansi imelijibu kwa muda mrefu. Mwaka 1953, mtafiti wa Uingereza Jerry Morris pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Waligundua kuwa makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi siku nzima wakikusanya nauli, walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva walioketi kwenye usukani. Basi lilikuwa moja, mwajiri mmoja, hewa moja. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya ngazi na kiti. Mkazi wa Nairobi anayekwenda na kurudi kazini kwa matatu anaweza kujiuliza yeye yuko upande gani wa utafiti huo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nusu saa kwa siku 5 inatosha kufikisha kiwango cha chini.

Kwa upande wa karani, mwaka ulipotimia shinikizo lilikuwa limeshuka hadi 136 kwa 86. Daktari hakumwondolea tembe. Alimpunguzia kipimo, akamwonya asijidanganye kwamba amepona. Usingizi wake ulikuwa mzito, wa kitandani na si wa kitini. Ngazi za ofisini alizipanda hata siku ambazo lifti ilikuwa nzima. Haya ndiyo mapato aliyoyatarajia, na si haba.

Mapato ambayo hakuyatarajia ni ya namna nyingine. La kwanza ni saa. Siku ya mfanyakazi wa jiji imegawiwa wengine: mwajiri ana sehemu yake, karo ina yake, simu ina yake, na ndugu wa kijijini wana yao. Ile saa moja ya alfajiri haikuwa na mdai. Ndani yake aliweza kuliwaza jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, starehe ambayo alikuwa ameisahau. Ndani ya saa hiyohiyo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alimkumbuka baba yake akiwa mzima: mtu aliyetembea kutoka shambani hadi sokoni na mzigo begani, akipiga mluzi. Kwa miaka mingi kumbukumbu ya kitanda cha ugonjwa ilikuwa imeziba nyingine zote. Hatua za mwana zilimrudishia hatua za baba.

La pili ni watu. Kabla ya mapambazuko, njia za kando ya Waiyaki Way hujaa wapita njia: vibarua wa ujenzi, wasaidizi wa nyumbani, walinzi wanaotoka zamu, wanawake wenye magunia ya mboga. Wengi hutoka Kangemi wakielekea Lavington, Westlands na hata mjini. Alipokuwa abiria aliwaona kupitia dirishani kama sehemu ya mandhari. Alipokuwa mtembeaji walimsalimu, kwa kuwa njia ya miguu ina desturi ambayo kiti cha matatu hakina. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja muuza mboga, ambaye kila asubuhi walipishana mahali palepale. Karani alipougua homa akakosa siku nne, siku ya tano mama yule alimsimamisha.

"Mzee, siku nne hatukukuona. Tulidhani umehama."

"Nilishikwa na homa, mama."

"Pole sana. Basi leo usiende mbali. Rudi mapema ukanywe uji."

Miaka yote aliyopanda matatu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikosekana. Kukosekana ni cheo. Hapewi ila mtu aliyezoeleka. Hapo neno mazoea linaonyesha upande wake wa pili: mtu huizoea njia, nayo njia humzoea yeye.

Hata hivyo, ujirani huo ulimfunza jambo lisilo tamu. Watu wale hawakutembea kwa ajili ya afya. Walitembea kwa ajili ya nauli, kwani fedha ambazo zingelipa matatu ndizo zilizonunua unga. Miili yao haikupungukiwa na mazoezi. Ilipungukiwa na usingizi, na mara nyingine na chakula, nao wahenga wamenena kwamba mwili haujengwi kwa matofali. Alichokitafuta yeye kama dawa, wao walilipishwa kama ushuru. Haifai, basi, kuyahubiri mazoezi kana kwamba watu wote wameanzia kwenye kochi. Anayeweza kuchagua kutembea na atembee, lakini ajue kwamba kuchagua kwenyewe ni neema, na kwamba njia iliyo salama kwa wapita njia inamhusu yeye pamoja na mama muuza mboga.

Nafasi za kutembelea jijini hazikuja kwa bahati. Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, na jumba hilo halikujengwa. Mwaka 1999, yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zikigawiwa watu binafsi. Leo watu hukimbia na kutembea chini ya miti ya Karura, na wachache hukumbuka kwamba vivuli wanavyopumzikia vililipiwa kwa damu. Barabara nazo zina hadithi yake. Tarehe 8 Mei 2022, kabla ya barabara ya mwendo kasi ya Nairobi kufunguliwa kwa magari, wanariadha na raia wa kawaida walikimbia juu yake katika mbio za Nairobi City Marathon. Baada ya siku hiyo ikawa ya magari, na waendao kwa miguu wakabaki chini. Jiji linaloruhusu miguu siku moja na kuisahau siku zinazofuata haliwezi kushangaa hospitali zake zikijaa.

La tatu, na ambalo karani mwenyewe hulitaja kwa haya kidogo, ni mlima. Jina la Mountain View lina maana ya mahali pa kuutazama mlima, naye kwa miaka yote aliyokaa hapo alilichukulia kuwa jina tu, kama majina mengi ya mitaa ya Nairobi. Asubuhi za anga safi, hasa baada ya mvua, Mlima Kenya huweza kuonekana kutoka sehemu za juu za jiji hili. Asubuhi moja aligeuka kwenye mwinuko akauona, mweusi na mdogo upande wa kaskazini, kabla ya moshi na wingu kuufunika. Alisimama hadi ukatoweka. Mlima haukuwa umefichwa. Yeye ndiye aliyekuwa amelala, au yumo ndani ya matatu, kila ulipojitokeza.

Mwaka 2025 alitimiza miaka 54, umri ule ambao baba yake aliangukia shambani. Asubuhi ya siku hiyo hakufanya sherehe wala sala ndefu. Alivaa viatu, akafika langoni, akatembea dakika zake 40, akaenda kazini. Hakuna ajuaye kama mazoezi yatamwongezea miaka, na daktari wake hakumwahidi hilo. Kilicho wazi ni kwamba siku aliyoiogopa kwa muda mrefu ilimkuta akiwa njiani, miongoni mwa watu wanaomjua.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, wakimaanisha kwamba kilichozoeleka ni vigumu kukiacha. Methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumwonya mlevi au mvivu. Lakini taabu hiyohiyo humtumikia aliyezoea jambo jema, kwa kuwa asubuhi ya uvivu inapokuja, ni vigumu kwake kubaki kitandani. Anayetaka kuanza asisubiri kwanza awe na nguvu au ari. Na aviweke viatu mlangoni usiku huu, kisha kesho afike langoni.