Merikebu za Matembezi na Maombi ya Abiria Wake

Watu wa pwani za ziwa Tanganyika, toka Uvira hata Moba, wanaijua habari ya merikebu Liemba. Ilijengwa mwaka 1913 mjini Papenburg, katika nchi ya Ujerumani, katika kiwanda cha jamaa ya Meyer, na jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen. Baadaye ilivunjwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma kwa gari la moshi, na huko ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isipate kutwaliwa na adui. Ikaopolewa mwaka 1924, na toka mwaka 1927 ilisafiri tena kwa jina la Liemba, ikibeba watu, magunia ya ndagala na mizigo ya kila namna.

Kwa nini twataja chombo hicho cha zamani? Kwa sababu jamaa ile ile ya Meyer iliendelea kujenga merikebu, na baadhi yake ni kubwa kupita zote za abiria duniani. Mojawapo huitwa Icon of the Seas. Ilijengwa mjini Turku, katika nchi ya Ufini, katika kiwanda ambacho jamaa hiyo ilianza kukishika mwaka 2014. Liemba ina urefu wa mita 71. Hiyo ina mita 365. Ilianza kuchukua abiria katika bandari ya Miami, Marekani, mwezi wa Januari 2024. Ina sakafu 20, moja juu ya nyingine, nayo yaweza kupokea abiria hata 7,600, pamoja na watumishi 2,350. Wanafunzi wapige hesabu: ni karibu watu elfu kumi juu ya chombo kimoja!

Watu wengi namna hiyo wakikaa pamoja, lazima wawe na sheria. Na penye sheria hapakosi manung'uniko. Basi, wasomaji wapenzi, leo tupande merikebu hizo pamoja, tuwasikilize abiria wanaomba nini kibadilike. Huenda tukajifunza jambo linalotuhusu hata sisi tunaovuka maziwa yetu kwa mashua.

SAFARI ISIYO NA HARAKA YA KUFIKA

Zamani mtu alipanda merikebu kwa sababu alitaka kufika mahali: mfanyabiashara kwenye soko lake, askari kwenye kambi yake, mgeni kwa ndugu zake. Mmoja wa walioanzisha desturi nyingine alikuwa Albert Ballin, mkubwa wa kampuni moja ya merikebu mjini Hamburg. Aliona kwamba wakati wa baridi watu wachache tu walitaka kuvuka bahari ya Atlantiki, na merikebu zake zikakosa kazi. Tarehe 22 Januari 1891 aliipeleka merikebu yake Augusta Victoria kutoka Cuxhaven mpaka bahari ya Mediterania, ikiwa na abiria 241. Walitembea yapata miezi miwili, wakitazama miji na magofu ya kale, kisha wakarudi pale pale walipotoka.

Tangu siku zile biashara hiyo imekua sana. Abiria wa merikebu ya matembezi hana haraka ya kufika. Amenunua kitanda, chakula, muziki, birika la kuogelea na upepo wa bahari. Kwake yeye merikebu yenyewe ndiyo mji anaouzuru. Ndiyo maana, kitu kidogo kikimwudhi, hasemi, «Nitavumilia, kesho nitafika.» Husema, «Nimelipa. Kwa nini hamtengenezi?»

VITI, TAI NA BAKSHISHI

Ombi la kwanza utakalolisikia karibu katika kila merikebu ni la viti. Kando ya birika la kuogelea kuna viti virefu vya kujilaza juani. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, watu fulani huja na taulo na vitabu, wakaviweka juu ya viti vinne au vitano, kisha hao! wanakwenda kulala tena. Saa nne viti vyote vina taulo, lakini watu hawapo. Wenye kuja kwa utaratibu huzunguka na kukosa mahali pa kukaa. Kampuni kadhaa zimeweka kanuni: kiti kikiachwa dakika 30 au 40 bila mtu, mtumishi aondoe vitu vilivyowekwa. Abiria hawaombi sheria mpya. Wanaomba ile iliyoandikwa ifuatwe. Maana mtumishi huogopa kumwudhi mwenye taulo, na mwenye taulo anajua kwamba anaogopwa.

Ombi la pili ni la mavazi. Katika merikebu nyingi kulikuwa na jioni za heshima: wanaume kwa koti na tai, wanawake kwa nguo ndefu. Wako wanaosema desturi hiyo ndiyo uzuri wa safari. Wengine husema hawakuja baharini kujifunga shingo. Toka mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line iliwaachia abiria wake wale saa waitakayo na kuvaa kwa uhuru zaidi. Nyingine zimeshika desturi ya zamani. Hapa hakuna anayeumia: kila mmoja achague merikebu inayomfaa.

Ombi la tatu ni la watu wanaosafiri peke yao, wajane, mathalani, na wazee. Bei ya chumba imehesabiwa kwa watu wawili. Akija mmoja, mara nyingi hulipishwa nyongeza, na pengine nyongeza hiyo hufika sawa na bei ya mtu wa pili asiyekuwapo. Mjane hulipia kitanda kitupu! Watu walilalamika miaka mingi, na mwaka 2010 merikebu Norwegian Epic ilitengenezwa na vyumba vidogo 128 vya mtu mmoja mmoja. Twaona hapo kwamba ombi la haki, likisemwa kwa adabu na kurudiwa bila kuchoka, laweza kubadilisha hata namna ya kujenga merikebu.

Ombi la nne ni la bakshishi. Katika kampuni kubwa za Marekani kila abiria huongezewa katika hesabu yake yapata dola 16 hata 20 kila siku, kuwa zawadi ya watumishi. Abiria wengi huuliza: «Kama lazima nilipe, mbona yaitwa zawadi? Iingizeni katika bei, na watumishi mwapatie mshahara wao.» Kampuni ya P&O Cruises ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2019. Lakini wako abiria wengine ambao, siku ya mwisho, huenda kwa karani na kuomba fedha hiyo iondolewe yote, ili wapate kuitumia bandarini. Hapo twafika kwenye jambo zito zaidi.

MTU ALIYE NYUMA YA SAHANI

Nani anayetandika vitanda vile, anayeosha masufuria na kusugua sakafu kabla hakujapambazuka? Wengi wao ni watu wa Filipino, wa Indonesia na wa Bara Hindi, walioacha mke na watoto nyumbani kwa muda wa miezi sita hata tisa. Hulala chini, karibu na usawa wa maji, wawili au zaidi katika chumba kisicho na dirisha. Fedha wanayotuma nyumbani ndiyo ada ya shule na dawa ya bibi.

Mataifa yamepatana juu ya haki za mabaharia katika mkataba wa mwaka 2006, ulioanza kufuatwa mwaka 2013. Mkataba huo waagiza kwamba baharia apate kupumzika saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Tufikiri kidogo: mtu akipumzika saa 10, zinabaki 14 ambazo aweza kutumikishwa.

Kwa hiyo tusipime maombi yote kwa kipimo kimoja. Abiria akiomba chakula kipelekwe chumbani usiku wa manane, au chumba kisafishwe mara tatu kwa siku, ombi hilo litatimizwa kwa mgongo wa mtu. Na yule anayefuta bakshishi kwa karani hapunguzi faida ya kampuni. Anapunguza sahani ya mtoto asiyemjua.

KENGELE INAYOWAUDHI WATU

Kuna sheria moja iliyochukiwa na abiria kuliko zote. Mtu amepanda merikebu, moyo wake umejaa furaha, anataka kula na kutazama bahari. Mara kengele inalia: nyote nendeni mahali penu pa kukusanyikia, mkafundishwe namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea na mashua ya uokozi ambayo ni yenu. Watu walisimama juani kwa mistari, wakanung'unika, wengine wakajificha vyumbani. «Ondoeni mchezo huu,» walisema.

Lakini sheria hiyo haikuzaliwa na makarani wapendao kusumbua watu. Ilizaliwa na vifo. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912 Titanic ilizama ikiwa na watu zaidi ya 2,200, na mashua zake zote hazikuweza kuchukua hata 1,200. Walikufa zaidi ya 1,500. Ndipo mwaka 1914 mataifa yakapatana mjini London juu ya sheria za kulinda uhai baharini.

Miaka mia ikapita, watu wakazoea usalama. Jioni ya tarehe 13 Januari 2012 merikebu Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma, na watu 4,229. Wakati ule sheria iliruhusu zoezi la kujiokoa lifanywe ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Basi mamia waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafundishwa. Saa nne kasoro robo usiku merikebu, iliyokuwa imeelekezwa karibu mno na kisiwa cha Giglio, ikagonga mwamba. Maji yakaingia kwa nguvu, lakini amri ya kuiacha merikebu ilichelewa zaidi ya saa nzima. Watu walikimbia huku na huku, taa zikizimika, sakafu ikiinama, wengi wasijue mashua yao ni ipi. Wakafa 32, karibu kabisa na nchi kavu. Nahodha, aliyekuwa ameiacha merikebu kabla abiria wote hawajaokolewa, alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 16.

Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria ya mataifa yaagiza kwamba abiria wapya wafundishwe kabla merikebu haijang'oa nanga, au mara inapong'oa. Toka mwaka 2020 kampuni kadhaa zimeliitikia lile nung'uniko la mistari ya juani: abiria hutazama mafundisho katika simu yake au chumbani, kisha huenda mwenyewe mpaka mahali pake pa kukusanyikia, mtumishi akaandika kwamba amefika. Tendo limewekwa kuwa jepesi, lakini halikuondolewa. Hiyo ndiyo namna njema ya kujibu abiria: kuondoa usumbufu, kuacha ulinzi.

NA SISI TUOMBE NINI?

Msomaji wa Kalemie au wa Bukavu atasema: «Sisi hatuna viti vya kujilaza juani, wala bakshishi za dola 20. Haya yatuhusu nini?» Yatuhusu sana. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa Viktoria. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama katika ziwa Kivu, karibu kabisa na gati la Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kuwapokea ndugu zao.

Watu husema: ajali haina kinga. Mawimbi ya ghafula, kweli, hayana kinga. Lakini mashua iliyojazwa kupita kiasi ina kinga, nayo ni kuhesabu watu. Abiria wa Miami huomba kiti. Abiria wa ziwa letu aombe kwanza vitu vitatu: jina lake liandikwe katika orodha, apewe jaketi la kujiokolea lililo zima, na hesabu ya watu ikitimia, mashua iondoke bila kuongeza hata mmoja.

Ombi hilo la tatu ni gumu, maana linatupinga sisi wenyewe. Mwenye mashua hapakii watu kwa nguvu; sisi ndisi tunaomsihi. «Niongeze, bwana, soko linafungwa. Nitasimama tu, mzigo wangu ni mdogo.» Tena tunamcheka mwenzetu anayevaa jaketi, tukimwita mwoga. Baba wa jamaa aliye na haraka ya soko akumbuke kwamba soko litafunguliwa tena kesho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuomba sheria ibadilishwe, uliza maswali mawili. Je, raha ninayoitaka itabebwa na mgongo wa nani? Na sheria hii inayoniudhi, ililetwa na kifo cha nani? Yule wa taulo hajauliza la kwanza, na yule aliyejificha chumbani kengele ilipolia hajauliza la pili. Nawe siku utakapofika gatini na kuambiwa, «Mashua imejaa, ngoja ya kesho,» usimkasirikie aliyekuzuia. Mshukuru, utafute mahali pa kulala.