Mlima Uliolala

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Nina miaka 25, nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunivusha, na tangu siku ile naandika riwaya katika kaunta buku. Ni riwaya ya mapenzi. Inatokea katika mji mdogo wa mlimani, wenye ukungu, misonobari na baridi ya kutetemesha meno. Kosa langu ni hili: mlima wenyewe sijawahi kuupanda.

Mimi ni mtoto wa Buigiri. Kwetu ni barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, mabasi yanapita yakiacha vumbi na ganda la muwa. Kuna mibuyu, kuna uwele, kuna mlenda, na siku hizi kuna mizabibu, ambayo mimi nafanya kibarua cha kuipogolea. Niliona aibu kuandika mapenzi ya mahali kama hapa. Nani atapendana kwenye vumbi, nikajiuliza. Basi nikafungua atlasi ya shule, nikaweka kidole Lushoto, nikaanza kuandika.

Nilikuwa nimefika ukurasa wa 60 alipokuja yeye. Jina lake silitaji, amenikataza. Mama yake mdogo ameolewa hapa kijijini, naye alikuja kumsaidia na mashine yake ya kufumia masweta. Ni mtu wa Lushoto, Msambaa halisi, alisoma Irente, ile shule ya wasioona iliyo nje kidogo ya mji. Haoni tangu utotoni. Sisi Buigiri nasi tunayo shule ya wasioona tangu mwaka 1950, kwa hiyo mtu kupita na fimbo nyeupe hapa kwetu si sinema. Kilichotushangaza ni mdomo wake.

Mimi ni mtu wa maneno machache. Nikiulizwa jambo leo, jibu zuri linanijia keshokutwa. Yeye anajibu kabla hujamaliza kuuliza, halafu anacheka. Mimi naogopa mbwa, polisi na wakwe wa watu. Yeye anavuka barabara ile ya malori kwa kusikiliza tu. Siku ya kwanza niliyomkuta kando ya barabara, nilidhani nafanya wema. Nikamshika mkono nimvushe. Akasimama wima.

"Kaka, nimekuomba?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilinijia baada ya siku mbili, nalo lilikuwa "hapana". Lakini nilishindwa kwenda kulisema. Zabibu za kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na vibarua tunahesabu maisha kwa mavuno. Basi yalipita mavuno mazima sijazungumza naye, nikipita upande wa pili wa barabara kama mdaiwa.

Aliyetupatanisha ni kaunta buku. Mama yake mdogo alisikia kwamba kuna kijana anaandika hadithi ya Lushoto, akamwambia. Akatuma mtoto: mwambie huyo Mgogo aje anisomee kwetu kunavyofanana.

Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi nje ya duka, yeye akiendelea na mashine yake, nikasoma sura ya kwanza. Kijana anashuka kwenye basi, msichana yuko dirishani anaangalia ukungu, macho yao yanakutana, ukurasa wa tatu tayari wanaahidiana kufa na kuzikana. Nilipomaliza mashine ilikuwa imenyamaza.

"Huyo msichana hana kazi?" akauliza. "Ukungu wa kwetu hauangaliwi kutwa nzima. Unalowesha nguo ulizoanika, unakasirika, unaanua."

Nikanyamaza.

"Na mbona wanapendana haraka hivyo? Wewe barabara ya Mombo kupanda Lushoto unaijua? Ni kilomita 30 na ushee, kona tupu. Dereva akikimbia mnaishia korongoni. Watu wa juu hawana haraka kwa sababu njia yenyewe haikubali."

Niliumia, nisiseme uongo. Lakini usiku nilipowasha taa niliona kwamba ukurasa ule ulikuwa umekufa, na aliyeuua si yeye. Ulizaliwa maiti. Nikauchana. Jioni iliyofuata nikarudi pale benchi, safari hii na swali badala ya sura: ukiwa kwenye basi, unajuaje kwamba umefika?

Akafikiri kidogo, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Kwanza masikio yanaziba. Halafu nasikia maporomoko ya Soni. Halafu shingo inaanza kuona baridi. Hapo najua nyumbani kumekaribia."

"Kuona baridi," nikarudia.

"Ndiyo. Si Kiswahili chenu hicho? Tunaona baridi, tunaona njaa, tunaona haya. Macho yanahusika vipi hapo?"

Msomaji, nimeandika Kiswahili tangu darasa la kwanza na neno hilo nilikuwa nimelipita kila siku bila kuliamkia.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, kama kweli ni kuanza. Mavuno ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikuwa namsomea, ananikatalia, naandika upya. Siku moja nilimwambia kwa masikitiko kwamba wao wa milimani wana bahati, sisi tumetupwa bondeni. Akaniambia nikaangalie urefu badala ya kulalamika. Nikaangalia. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Mimi niliyeona tumetengana kama mbingu na ardhi, kumbe kati yetu kuna kama mita 300 tu, kwenda juu.

Nilipomweleza alicheka mpaka akaangusha uzi. "Basi na wewe ni mtu wa mlimani. Mlima wenu umelala tu."

Kijijini watu walikuwa wameshaona kabla yangu. Mama yangu hakufurahi. Alinisubiri nimalize kula, akasema, "Mwanangu, mimi simdharau mtoto wa mtu. Lakini nikiugua, nani ataniangalia?" Neno hilo lilinikaa kooni kwa sababu halikuwa neno baya. Lilikuwa hofu, na hofu ya mama huijibu kwa hotuba.

Akaenda mwenyewe kumpima, kwa kisingizio cha sweta la mjukuu. Akalipa, akageuka aondoke. Yule binti akazipapasa noti, maana noti zetu hazilingani ukubwa, akamwita: "Mama, shikamoo tena. Hapa umenipa elfu tano ukidhani ni elfu mbili." Mama alirudi nyumbani kimya. Baadaye nilimsikia akimwambia shangazi jikoni kwamba macho yake mawili yamepitwa na kidole kimoja. Hakusema amekubali. Alisema tu, "Lakini Lushoto ni mbali."

Mimi nilikuwa bado sijatamka lolote. Nilitaka nitamke kwa njia ambayo angeisoma mwenyewe, asisomewe na mtoto wa jirani. Basi nikamwomba mwalimu mmoja mstaafu anifundishe nukta nundu, yale maandishi aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille, naye haoni, mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Nukta 6 tu, na ndani yake alfabeti yote inaenea. Ugumu uko kwenye kuandika. Ukitumia kibao na kijisindano unatoboa karatasi kwa nyuma, nundu zinatokea upande wa pili. Kwa hiyo lazima uandike kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi umeigeuza, ili atakayesoma asome sawasawa. Kwa mara ya kwanza nilielewa jinsi ilivyo kazi kumwandikia mtu anayekaa upande wa pili wa karatasi.

Nilitoboa neno moja. Lilinichukua jioni nzima. Nikampelekea, nikasimama jasho linanitoka mgongoni, na ilikuwa Juni, miezi yetu ya baridi.

Kidole chake kikapita mara moja. Kikarudi mwanzo, kikapita tena. Midomo ikaanza kumcheza.

"Kaka," akasema, "unanipinda wapi?"

Nilikuwa nimesahau kuigeuza herufi moja. E ukiiandika kinyume inakuwa I. Nilikuwa nimemwandikia, kwa nundu zilizonyooka kabisa, NAKUPINDA.

Alicheka, nami nikacheka, na tulipoishiwa kicheko pakabaki ukimya ambao hakuna kati yetu aliyejua kuukalia. Kidole chake kilikuwa bado juu ya ile herufi. Mwisho akanirudishia karatasi. "Andika upya," akasema. "Polepole. Njia yetu ina kona, ndiyo, lakini hiyo moja umeizidisha."

Wiki ile ile aliitwa kwao, mama yake hajisikii vizuri. Akapanda basi na mashine yake kwenye boksi. Nilimpungia mkono mpaka nikakumbuka, nikaita kwa sauti jina lake. Akaitikia kutoka dirishani, na abiria wote wakanitazama, nami kwa mara moja sikuona haya.

Mwezi uliopita nilipata bahasha kutoka Lushoto. Karatasi nyeupe tupu, imejaa nundu. Vidole vyangu bado ni vizito, vimeota sugu za mkasi wa kupogolea, kwa hiyo niliisoma kwa macho, nimeilaza karatasi kwenye jua la jioni ili kila nundu iwe na kivuli chake. Nilimaliza giza linaingia. Mama yake amepata nafuu. Baba yake anataka kumwona huyo kijana anayeandika habari za mji asioujua. Na ukurasa wa tatu uwe umeandikwa upya.

Nimekwishauandika. Sasa msichana anaanua nguo zilizolowa, amekasirika, na kijana aliyeshuka kwenye basi hajui hata kusalimia. Hadi ukurasa wa 90 hawajashikana mkono. Najua wapo watakaosema hadithi inakwenda taratibu mno. Tiketi yangu ni ya Jumamosi, kupitia Morogoro, Chalinze na Segera mpaka Mombo. Mama amenifungia karanga na kilo mbili za unga wa uwele, nimpelekee mama mwenzake. Mimi nimebeba kaunta buku na karatasi moja iliyotobolewa, ambayo nimeihakiki herufi kwa herufi, mara saba.