Choo cha Mtoto Kikiwa Cheupe

Neno nitakalolitaja leo si la mezani, lakini afadhali tulitaje kuliko kulinyamazia. Ni rangi ya choo cha mtoto mchanga.

Zaidi ya nusu ya watoto wachanga hugeuka manjano machoni na mwilini katika juma la kwanza. Kwa kawaida umanjano huo hupungua wenyewe, na ifikapo siku ya 14 umekwisha. Ndiyo maana akina bibi hapa Bunia humwota mtoto jua la asubuhi wakisema, "Yatapita." Mara nyingi wasema kweli. Lakini kuna umanjano mwingine ambao jua haliuwezi kabisa, kwa sababu asili yake ni njia iliyozuiwa.

Ini hutengeneza nyongo, nayo hushuka kwa mrija mwembamba mpaka utumboni, ikasaidie kuyeyusha mafuta ya maziwa. Nyongo hiyo ndiyo ikipayo choo rangi yake. Watoto wachache huzaliwa na mrija uliovimba ukawa kama kifuko, na nyongo hutuama humo. Wasichana hupatwa kuliko wavulana. Wengine mrija wao umezibika kabisa. Hapo nyongo hurudi damuni: macho huwa manjano, mkojo huwa kama chai na kutia alama katika nepi, na choo huwa cheupe kama chaki niandikiayo ubaoni.

Jirani zetu walipata binti wa namna hiyo. Alikuwa na majuma matano, akinyonya vema, hana homa. Baba yake alisema, "Mtoto mnene namna hii, anaugua nini?" Muuguzi wa zahanati hakutazama unene. Aliuliza tu, "Mama, nepi ya leo asubuhi iko wapi?" Alipoiona akaandika barua ya hospitali saa ile ile.

Huko walimpima damu, kisha wakampitishia tumboni chombo cha ekografi, kisichoumiza. Kifuko kikaonekana chini ya ini. Akachomwa sindano ya vitamini K, maana nyongo isipofika utumboni mwili hauipati vitamini hiyo vya kutosha, na mtoto aweza kutokwa na damu hata ndani ya kichwa.

Dawa ya kunywa ya kukiondoa kifuko haipo. Mpasuaji hukikata, akaunganisha kipande cha utumbo na mrija utokao inini. Zamani walikiunganisha na utumbo wakakiacha mahali pake. Desturi hiyo imeachwa, kwa kuwa baada ya miaka kansa yaweza kuzaliwa humo. Kwa wale waliozibika kabisa, Mjapani Morio Kasai alianza mwaka 1955 kuunganisha utumbo na ini lenyewe. Upasuaji wake hufaa zaidi kabla ya siku ya 60. Baadaye ini hugeuka gumu. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa manjano baada ya siku 14 na aifungue nepi mahali penye mwanga. Choo kikiwa cheupe asingoje siku ya chanjo. Aende hospitalini na nepi yenyewe. Huko Taiwan, tangu mwaka 2004, kadi yenye rangi za choo imo katika kitabu cha afya cha mtoto, mama alinganishe mwenyewe. Twaihitaji hapa kuliko wao.

Tatizo letu ni mwendo. Wapasuaji wa watoto ni adimu, na wengi hutazamia Kampala, ama kwa kuvuka Ziwa Albert toka Kasenyi, ama kwa barabara ya Mahagi, ambayo imeona vita vingi. Ndugu za baba yule walibishana siku tatu juu ya ng'ombe wa kuuza. Bibi mzaa baba, aliyekuwa akimwota mtoto jua kila asubuhi, ndiye aliyemaliza maneno: "Ng'ombe atazaliwa mwingine." Waliondoka mtoto akiwa na siku 43.

Sasa ana miaka miwili na kovu chini ya mbavu, naye huwafukuza kuku wetu uani.