Namba ya karatasi

Wadau, nyie mliofika Texas baada ya Julai 1, 2025 hamjui raha mnayoipata. Mnanunua gari, muuzaji anafunga namba za chuma hapohapo, mnaondoka. Sisi wa 2024 tulipewa karatasi. Yaani karatasi kweli, imetoka kwenye printa, na tarehe ya kufa imeandikwa kubwa kila mtu aione. Siku 60.

Juni ile nilinunua ka-Corolla kazee hapa Arlington. Nikalipa kodi ya 6.25% juu ya bei, nikalipa na ada zote. Baada ya hapo muuzaji ndiye anapeleka makaratasi ofisi ya kodi ya kaunti (ndiyo, huku nako usajili wa gari ni mambo ya kodi, kama TRA kwetu), wewe unasubiri namba. Siku ya 40 nikapiga simu. Wiki ijayo. Siku ya 52, wiki ijayo. Siku ya 58 haipokelewi kabisa. Nikaenda mwenyewe, dada wa mapokezi ananiita mpenzi, ananiambia kwa sauti laini kwamba hati ya umiliki bado haijawafikia. Kha! Kumbe waliniuzia gari ambalo hati yake hawana mkononi!

Siku ya 61 mkoko ukalala. Mama kule Morogoro akasema, si upande basi mwanangu. Mama, basi lipi? Mji huu mkubwa wote hauna basi la njia. Kuna vigari vya kuita kwa simu, ila usiku vinalala mapema, na zamu yangu ya usafi hapa chuo inaisha saa 5 usiku. Siku nne nilitembea Cooper Street, dakika 50 kwenda, 50 kurudi, joto la Agosti, na ile kurudi usiku peke yangu sikumwambia mama.

Kuendesha hivyohivyo? Wapo waliothubutu. Mimi nina viza ya mwanafunzi, sitaki mazungumzo na askari. Na askari wenyewe nawaelewa: namba feki za karatasi zilikuwa zinauzwa kama karanga, na Novemba 2022 mwenzao wa Grand Prairie, hapo jirani tu, alikufa akifukuza gari lenye namba ya aina hiyo. Akiona karatasi iliyoisha muda ataanzaje kuniamini mimi?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa dirishani kaunti. Akaniuliza, kwani hujaambiwa kuna kibali cha siku 30? Dola 25. Sikuambiwa na mtu! Nikalipa, nikapewa... karatasi nyingine.

Namba za chuma zilifika siku ya 87. Bisibisi hatuna, Mkenya wa chumba cha pili akazifunga kwa kisu cha siagi. Zile dola 25 nimemwandikia muuzaji mara tatu anirudishie. Wiki ijayo, anasema.